Kikopo cha Bluu
Mpaka rangi wa filamu ya katuni ana vidole vilivyopasuka kwa baridi, lakini brashi yake haitetemeki. Kila picha akiimaliza huipuliza taratibu, kama anapoza uji. Kikopo cha bluu, rangi ya koti la mwasi wa filamu hiyo anayewapora mabwanyenye, hukifunika kwa blanketi penye sakafu inayopashwa moto kwa chini, pale ambapo katika nyumba zote za Seoul mtu ambaye hajarudi huwekewa wali usipoe. Leo msimamizi, Bwana Pyo, kakuta rangi ya gavana, adui wa mwasi huyo, imeganda dirishani.

“Dada, mwaka mpya huo unaingia na filamu haijaisha! Hii mbona hukuifunika?”

“Gavana ana watumishi wa kumpashia. Huyu mwasi wangu katoroka kwao hata hajala.”

Bwana Pyo akashusha pumzi, akakipachika kikopo cha gavana kwapani kipate joto.

“Umeona?” akasema mpaka rangi, bila kuinua uso. “Keshapata mmoja.”