Gobore la Juu ya Sofa

Baba alipokubali kuhama Ilford aje kuishi nami Croydon, upande wa pili wa London, kitu alichokataa kukiacha ni gobore la babu yake. Alikuja nalo kutoka Unguja, na maisha yetu yote lilitundikwa ukutani juu ya sofa. Siku za Idi kaka yangu aliliteremsha, akanilenga na kufyatua, nami nikajiangusha kwenye zulia huku mama akicheka. Siku ya harusi yangu alimlenga bwana harusi kifuani ili tupigwe picha.

Siku kaka alipokuja Ilford kusaidia kufunga mizigo, nikamwita mtaalamu wa silaha za kale, mzee mpole wa Kiingereza, atuambie kama sheria inaturuhusu kulihamisha. Alipoziona herufi U na S karibu na kifyatulio, uso ukamng'aa. Alisema hiyo ni alama ya serikali ya Marekani. Taifa lile lilipokuwa changa halikuwa na bunduki za kutosha, hivyo serikali ikatoa zabuni hata kwa watu ambao hawajawahi kuunda bunduki maishani mwao. Wakaguzi waliujaribu kila mtutu kwa baruti nyingi, na usiopasuka ukagongwa muhuri. Bunduki hizo zilipopitwa na wakati zikauzwa, na huenda wafanyabiashara ndio walioifikisha hii hadi pwani yetu. Baba alishangaa, siku zote alidhani ni ya Wareno.

Kisha mtaalamu akaingiza ufito mtutuni, akauchomoa, akaulinganisha na urefu wa mtutu kwa nje. Ulikuwa umegota mapema, kiganja kizima kabla ya mwisho.  Akaligeuza gobore taratibu likaelekea bustanini, akatuomba tutoke sebuleni.

"Limeshindiliwa," alisema. "Baruti imo, na risasi imo."

Baba alibisha. Mtaalamu alieleza kwamba baruti kavu haizeeki, na kwamba pengine kilichotuokoa ni gumegume, lile jiwe la kuwasha baruti, lililolika hadi likashindwa kutoa cheche.  Kaka alikaa kwenye ngazi, rangi imemtoka.

"Nimelifyatua mara ngapi?" aliuliza. 

Mtaalamu alimimina maji mtutuni, akaitoa risasi pale bustanini: donge la kijivu, kubwa kama zabibu. Baba hakutaka kuligusa gobore tena. Lilichukuliwa siku hiyo hiyo, limeviringishwa blanketini. Mimi nilimpigia mume wangu simu kazini, na aliposema haloo, nikamuuliza kama anaikumbuka ile picha ya harusi.