Nilimwacha Mke Mwenzangu Aitwe Mwizi wa Samaki

Kosa ni langu. Nalisema wazi, na anayetaka kunicheka acheke! Lakini msinibebeshe kosa ambalo si langu.

Nimeolewa bonde la Lambwe, mke wa pili. Kwetu ni Masara, ndiyo maana hapa wananiita Nyar Masara. Mke wa kwanza, mikayi, ndiye hutangulia katika kila jambo la boma. Kama hajapanda, mimi sipandi. Kama hajavuna, mimi nasubiri na njaa yangu.

Miaka hii ya tisini serikali ilipoanza kuhimiza watu wafuge samaki, bwana samaki, afisa wa uvuvi, alitoka Homa Bay akatupimia mabwawa mawili. Langu lilikuwa juu, karibu na kijito, la mikayi chini yake. Vifaranga vya ngege, yaani tilapia, vingetoka kituo cha serikali, na leseni tungepata baada ya kukaguliwa. Vikaja vya bwawa moja tu. La mikayi, bila shaka!

Jamani, niliwaka! Mimi niliyechimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, ningoje tena? Nikaenda ziwani, nikanunua samaki wadogo kwa wavuvi, nikawabeba kwa mtungi na kuwamwaga bwawani kwangu kimyakimya. Bwana samaki alikuwa ametukataza samaki wa ziwani, maana huwezi kujua umebeba nini. Nikajiambia huyo ana maneno mengi.

Kumbe nilibeba mbuta, yaani sangara, anayekula samaki wenzake! Mvua kubwa ikaja, ukingo wangu ukabomoka, mbuta wakateremka kwa mikayi wakala ngege wake wote.

Siku ya ukaguzi majirani walijaa. Langu lilikuwa tope tupu. Wavu ukavutwa kwa mikayi, wakatoka mbuta wanne wanene, basi.

"Mama, samaki ya serikali iko wapi?" bwana samaki akauliza.

"Sijui, bwana. Hii mbuta si mimi nilileta."

"Umeuza ngege, ukatafuta hii ya ziwa utudanganye! Leseni hakuna."

Mikayi akanigeukia. "Nyar Masara, wewe unashinda hapa kila siku. Waambie kama umewahi kuniona nikiuza."

Neno moja tu! Nikatazama miguu yangu, nikasema, "Mimi sijui."

Tangu siku hiyo akawa mwizi. Kanisani kwetu Wasabato wakamnyang'anya darasa la watoto alilofundisha tangu kabla sijaolewa. Watoto wenyewe walimwimbia njiani, "Mama mbuta!" Nami nilikuwa nikipika jiko la pili, nikisikia yote.

Nilipochoka nikasema ukweli mbele ya boma zima. Mnajua wazee walisema nini? Eti ni chira, laana ya kuvunja mila, kwa kuwa nilikataa kungoja nyuma ya mikayi, nitakaswe! Nikakataa, na bado nakataa. Ngege waliliwa na mbuta, hawakuliwa na mila! Kutaka bwawa langu si dhambi, na nitalitaka tena kesho. Dhambi yangu ni ule mdomo niliofunga.

Nikaenda Homa Bay kwa bwana samaki. Akaniambia faili imefungwa. Nikakaa kwenye benchi lake mpaka akaifungua, akaandika maneno yangu yote. Kisha, huyo mtu! Akasema kwa kuwa nimekarabati ukingo, anaweza kunipa leseni mimi. Nikamwambia andika mikayi kwanza, la sivyo weka karatasi yako.

Nikarudi mbio kumweleza. Alikuwa shambani, pale palipokuwa bwawa lake. Amelifukia, amepanda nduma. Hakuinua jembe wala sauti.

"Andika leseni yako, nyieka," akasema, akiniita mke mwenzake. "Jina langu lilishaandikwa mwizi, na hiyo siku nilikuomba."

Kanisani hawajamrudishia darasa. Wanasema watafikiria.

Basi wewe unayejua ukweli wa mtu na umekaa kimya, usijidanganye kwamba utausema ukipata nafasi! Sema leo, angali amesimama mbele yao akikutazama. Mimi nimesema mbele ya wazee, mbele ya serikali, na sasa mbele yenu, wala siogopi mtu. Lakini yeye aliniuliza siku moja tu.