Ameta ya Mwisho
Mtunza maabara wa shule yetu kule Muleba alikuwa akibeba ameta, kipimo cha umeme, kwa mikono miwili kama yai. Kabla ya kusoma mshale aligonga kioo kwa ukucha, mara mbili, akasubiri utulie. “Umeme upite kwenye balbu kwanza, wanangu,” alisema kila kipindi. Tulikuwa wanafunzi sitini, ameta moja. Siku moja mwenzetu Hafidha akaiunganisha na betri bila balbu. Mshale ukaruka, ukapinda, tukasikia harufu ya kuungua. Mtunza maabara hakufoka. Aliiviringisha kwenye flana yake, akaifungia kabatini. Mtihani wa vitendo ulikuwa wiki iliyofuata. Kesho yake alituchorea ameta ubaoni kwa chaki. Akaugonga ubao kwa ukucha, mara mbili, akasubiri mshale utulie.