Kahawa ya Mama na Wifi Yake

Mama na shangazi, dada yake marehemu baba, walichuma kahawa pamoja kijijini Shighatini tangu kabla sijazaliwa. Mashamba yao yanatenganishwa na mfereji ambao hata mbuzi anauruka. Leo walichuma upande huu, kesho ule, kahawa ikaingia kapu moja, na gunia likijaa linakuwa la yule ambaye zamu yake imefika. Kuuliza ipi imetoka wapi kungekuwa uchoyo.

Kisha chama cha ushirika kikaleta mfumo wa simu, maana wanunuzi wa nje wanataka kujua kila gunia limetoka shamba la nani. Mimi mwenye duka Same mjini nilifurahi kweli. Hatimaye mnywaji angemjua mama yangu! Karani wa chama alipima mashamba, akawapiga picha mawifi wameshikana mabega, kwa sababu walikataa kusimama mbalimbali.

Msimu ule gunia la mama likakataliwa. Simu ilisema shamba lake haliwezi kutoa kahawa yote ile.

"Mama, hii ni ya shamba lipi?" karani aliuliza.

"Ya kwetu."

"Mfumo unataka shamba moja."

"Ya kwetu, mwanangu. Nikwambieje?"

Karani hakuwa mtu mbaya, ila huo mfumo wake niliuchukia. Aliwaambia kila mmoja achume kwake, la sivyo wote watafutwa kwenye mfumo. Shangazi, ambaye macho yake yalikwisha kuingia ukungu, akachuma peke yake, mbichi kwa mbivu. Mama akijaribu kuvuka mfereji, anarudishwa: "Rudi kwako wifi, watakufuta."

Tulimzika shangazi kabla ya msimu kwisha. Kahawa yake iliiva ikadondoka, na mama hakuigusa.

Juzi nilimpelekea mama pakiti ya kahawa yake, imeshakaangwa, ina alama ya kuskani. Nikaiskani kwa simu yangu. Ikatokea ramani ya shamba lake, chini yake picha yake akicheka, peke yake. Walikuwa wameikata ile picha ya wawili.

"Wifi yangu yuko wapi?"

"Hayumo, mama."

Akaisogeza simu karibu na uso. Begani kwake vilibaki vidole vinne vya shangazi. Mama akavigusa kwa kidole gumba, na picha ikatoweka kwenye kioo, yakaja maelezo ya namna ya kuchemsha kahawa.

"Nirudishie," aliniambia. Nilishindwa hata kuona pa kubonyeza.