Paka Aliyeitwa Shahidi

Jumamosi, tarehe 8 Machi 2003, Kornelia Qamara wa Maretadu aliondolewa uenyekiti wa jumuiya yake. Jambo hilo limo kwenye daftari la mihutasari, ukurasa wa kumi na tisa, kwa mwandiko wa katibu, Pascal. Juu ya ukurasa Pascal aliandika "Mkoa wa Arusha", akakata kwa mstari mmoja, akaandika "Manyara". Mkoa ulikuwa mpya na mkono wake ulikuwa haujazoea. Chini yake kuna sentensi moja: "Mbegu za maharage za jumuiya zilizohifadhiwa kwa mwenyekiti zimepungua madebe mawili, na mwenyekiti amesema ni panya."

Kornelia aliisoma siku hiyo hiyo, mara moja. Kuondolewa angekuvumilia. Kilichomkaa kooni ni neno "amesema".

Jumuiya yao ilikuwa na kaya kumi na nne, zikisali pamoja kila Jumamosi, kila wiki kwenye nyumba nyingine. Kila mwaka walilima shamba moja la pamoja, na mbegu zilikaa kwenye stoo ya mwenyekiti mpaka siku ya kupanda. Mwaka ule panya walitoboa ukuta wa udongo nyuma ya stoo ya Kornelia, wakakata gunia kwa chini. Gunia lilibaki limesimama, limenona kwa mbele, tumbo limeingia ndani kwa nyuma. Alipolinyanyua siku ya kugawa ndipo alipojua.

Marieta, jirani yake wa upande wa juu, alisimama kwenye mkutano. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa minyaa, na hatua mia mbili hazifiki.

"Mama Irene," alisema, akimwita kwa jina la binti yake kama majirani wanavyoitana, "hao panya wako wamechagua maharage, wakayaacha mahindi yaliyo pembeni?"

Watu wakacheka.

"Na wanayachemsha, au wanatafuna makavu?"

Wakacheka zaidi.

"Tundu lipo," Kornelia alisema. "Njooni mwone."

"Tundu hata mimi naweza kutoboa. Shahidi wako nani?"

Hakuwa naye. Kabla ya sala ya kufunga, Marieta alikuwa mwenyekiti, na baada ya mavuno mbegu mpya zilihamia stoo yake. Kornelia hakuacha kwenda kusali. Aliitikia salamu zote, akakaa karibu na mlango. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mwembamba, mwenye kazi nyingi na maneno machache, na tangu siku hiyo aliongeza kazi moja: kumsubiri Marieta.

Mwezi wa nane vifaranga vya Marieta vilianza kupotea. Marieta alikuwa na paka jike, wa rangi ya majivu, sikio moja limepasuka, na hukumu ilimwangukia yeye. Kornelia alikuwa anakusanya mabua shambani kwake alipomwona mnyama mwingine akipenya ua wa minyaa na kifaranga mdomoni. Alikuwa nguchiro. Siku tatu baadaye akamwona tena, mahali pale pale. Mara zote mbili Kornelia alimwacha apite, akaendelea na mabua yake. Hakumwambia mtu.

Huko kwao paka asiyetakiwa hauawi. Anafungwa kwenye gunia, anavushwa mto, anaachwa huko asijue njia ya kurudi. Jumanne iliyofuata Kornelia alikuwa anakwenda mnadani, na alipovuka mto alikuta gunia kando ya njia, mdomo umefungwa kwa kamba ya katani. Lilikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa bluu. Aliwahi kuliazima gunia lile kwa Marieta. Alipolisogelea likajitikisa. Kornelia akalibeba begani, na mnadani hakufika.

Mumewe, Patriki, alikuwa uani akichonga mpini wa jembe.

"Umeleta nini?"

"Paka wa Marieta."

"Mrudishie."

"Amemtupa."

"Basi ana sababu ya kumtupa."

"Hata mimi niliondolewa kwa sababu," Kornelia alisema. Patriki akaurudia mpini wake.

Gunia lilipofunguliwa ndani ya stoo, paka alimpasua Kornelia mkono kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, akaingia chini ya kihenge cha mahindi. Alikaa humo siku mbili. Maziwa yaliyowekwa yaliganda bila kuguswa. Irene, aliyekuwa amemaliza darasa la saba, alitaka kumtoa kwa fimbo ya ufagio.

"Mwacheni," alisema bibi yake, Hilaria, mama mzazi wa Patriki. Alikuwa mzee wa maneno makavu, na nyumba ile waliijenga yeye na marehemu mumewe. Akamgeukia mkwewe. "Unamtaka kwa nini, wewe?"

"Panya, mama."

"Panya wa nani?"

Hilaria alimtazama, akacheka kidogo puani. "Haya. Basi sikiliza. Mbwa anamfuata mtu. Paka anaifuata nyumba. Nyumba yake iko hapo juu, moshi wake anausikia kutoka humo stoo. Ukimfungulia leo, kesho atalala kwa Marieta, na Marieta atakushukuru kwa kumlisha."

Hapo kazi ilianza. Kornelia aliziba tundu la mlango na dirisha la stoo. Aliweka sinia bovu lililojaa majivu pembeni ili paka ajisaidie, akawa analisafisha mwenyewe kila asubuhi kabla ya kukamua. Alimtandikia kanga yake aliyoivaa wiki nzima bila kuifua. Siku ya tatu paka alikula dagaa wawili, akiwa ameinama, macho yakiwa mlangoni. Siku ya tano alikula mbele ya Irene. Ilikuwa amri ya Hilaria kwamba mtu akiingia aketi chini, asimtazame usoni, asimguse. Aongee tu, chochote. Irene alimsomea barua za shangazi yake wa Katesh. Patriki, ambaye hakutaka habari za paka, alikutwa amekaa juu ya debe akimweleza bei ya mbolea tangu maduka ya watu binafsi yalipoifanya kuwa biashara yao.

Kornelia naye aliingia kila jioni, akamwambia paka mambo ambayo hakumwambia mtu mwingine. Wiki ya pili paka alilala juu ya kanga. Hilaria akambeba hadi jikoni, akamgusisha pua kwenye kila figa, la kwanza, la pili, la tatu, ili aijue nyumba, akamrudisha stoo.

"Mmempa jina?" aliuliza.

"Shahidi," Kornelia alisema.

"Hilo si jina la paka."

"Ndilo jina lake."

Siku ya ishirini na moja walimnyima chakula cha asubuhi, na alasiri Kornelia akafungua mlango. Kama paka angehamia kwa Marieta, panya wangebaki kwa Kornelia, na yote yangekuwa bure. Shahidi alinusa kizingiti, akavuka ua, akapenya minyaa. Kornelia alisimama na bakuli la dagaa. Alimwona paka akifika uani kwa Marieta, mkia juu, kama mtu aliyetoka safari. Marieta alikuwa anapepeta mtama. Alimwona, akaokota bonge la udongo, akamtupia. Likampata ubavuni. Shahidi alirudi mbio, akapita katikati ya miguu ya Kornelia hadi chini ya kihenge.

"Mama Irene," Marieta aliita juu ya ua, "huyo si paka wangu?"

"Alikuwa."

"Ni mwizi, nakuonya. Mnamwitaje?"

"Shahidi."

Marieta alichukua ungo wake, akaingia ndani. Toka siku hiyo, kila jioni, Kornelia alimwita paka wake kwa sauti iliyofika juu vizuri: Shahidi, Shahidi, njoo nyumbani. Na panya waliouawa hakuwatupa shimoni. Kila Jumamosi asubuhi aliwapanga juu ya jiwe kubwa la mpakani, mikia upande mmoja, pale wanajumuiya wanapopita kwenda kusali.

Kufikia Novemba jiwe lilikaa wiki nzima bila panya. Kwa Marieta walikuwa wanakimbizana darini mchana. Alinunua sumu mnadani. Kuku wanne wakala panya waliokufa, nao wakafa. Vifaranga viliendelea kupungua, ingawa paka hakuwepo. Mwezi wa kumi na mbili Shahidi alizaa watoto wanne ndani ya kapu, chini ya kitanda cha Hilaria.

Jumatatu, tarehe 23 Februari 2004, Marieta alipiga hodi mlango wa mbele. Alimpa Hilaria shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaa kwenye kigoda. Kornelia alimletea chai, akabaki amesimama.

"Naomba mtoto mmoja wa paka," Marieta alisema.

"Una panya?"

"Unajua nina panya."

"Wamekula nini?"

Marieta alizungusha kikombe. "Mbegu za jumuiya. Gunia limeliwa kwa chini. Nimelinyanyua jana."

"Na mahindi?"

"Mahindi wameyaacha."

"Wanayachemsha hayo maharage, au wanatafuna makavu?"

Hilaria alikohoa. Marieta hakuinua macho. "Mama Irene, tunapanda wiki ijayo. Wakisikia hivi watasema nimekula mimi."

"Watasema."

"Wewe ulikuwa mwenyekiti. Ukisema umeona tundu, watakusikiliza."

"Mimi nilisema, wakaandika nimesema." Kornelia alichukua kikombe kutoka mkononi mwake kabla hakijaisha. "Jumamosi utasimama. Utasema panya walikula kwangu kama walivyokula kwako, na kwamba uliponicheka ulijua tundu lipo. Pascal ataandika, si kwamba umesema. Ataandika kwamba panya walikula. Halafu utapata mtoto wa paka."

"Na nisiposema?"

"Nina watu wanne wanaowataka."

Marieta aliinuka. Alipofika mlangoni Kornelia alimwambia, "Na vifaranga vyako anakula nguchiro. Anapita kwenye minyaa, chini ya jiwe. Nilimwona tangu mwezi wa nane."

"Ukanyamaza?"

"Sikuwa na shahidi."

Jumamosi hii, tarehe 28 Februari, ni zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwa Kornelia, saa tatu asubuhi. Pascal atakuja na daftari, na ajenda ya kwanza ni mbegu. Watoto wanne wa paka watafungiwa stoo mpaka Marieta asimame, aseme, akae chini.