Fulana Nyeusi ya Kamanda

Kamanda hakuwahi kuwa askari hata siku moja. Kabla ya kupewa walinzi wa hospitali awasimamie, alikuwa mtunza ghala la magodoro, na vita pekee alivyopigana vilikuwa vya panya, navyo alishindwa. Lakini mpe mtu kama huyo bereti na filimbi uone atakavyovimba. Alianza kutembea kwa hatua za gwaride hata akienda msalani, na akatangaza kwamba kazini anaitwa Afande, basi. Hata binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyemwombea kazi ya kupekua wageni pale geti kuu, hakuruhusiwa kumwita Baba akishaingia uani mwa hospitali.

Basi ikatokea mlinzi wa geti la nyuma, mtu mzima mpole asiye na makuu, akamzuia mlevi aliyetaka kumfuata mkewe wodini. Mlevi akachomoa kisu, akamdunga ubavuni. Binti ndiye aliyefika wa kwanza, akavua kitambaa chake cha kichwa, akakandamiza kidonda mpaka machela ikaja. Mzee alipona. Kamanda alifika wa mwisho, akapuliza filimbi.

Uongozi ukaamua walinzi wote wanunuliwe fulana za kuzuia visu, na kazi ya kuchagua, kwa sababu wakubwa nao hawamzidi akili anayewapigia saluti, akapewa Kamanda.

"Hii inataka jicho la kijeshi," alimwambia binti yake jioni ile mezani.

Binti akaendelea kula. Yeye ndiye angesimama getini na hiyo fulana, si jicho la kijeshi.

Muuzaji alikuja asubuhi na mizigo miwili, akaipanga juu ya benchi katika chumba cha walinzi, kati ya birika na tochi zinazochajiwa. Fulana ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya kijivu, ya kuvaliwa ndani ya shati, haina mvuto wowote. Ya pili ilikuwa nyeusi, nene, imejaa mifuko, na mgongoni imeandikwa ULINZI kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Kamanda hakuitazama ya kwanza mara mbili. Aliichukua nyeusi, akaivaa, akaenda kujitazama kwenye kioo cha msalani, akakaa huko muda wa kutosha watu wakaanza kutazamana. Aliporudi alikuwa ameshajipiga picha.

"Tunachukua hii," akasema.

"Mzee, hiyo ni ya kuzuia risasi," muuzaji akamwambia. "Visu ni habari nyingine. Ncha ya kisu inajipenyeza katikati ya nyuzi. Ya visu ni hii ya kijivu."

Kamanda akacheka kile kicheko cha mtu anayemhurumia mjinga.

"Kijana wangu, kitu kinachozuia risasi kitashindwa na kisu cha vitunguu? Hebu fikiri kidogo!"

Akaivua, akaivalisha kiti, akaomba kisu kinachotumika kukatia mkate wa chai. Kisha, mbele ya walinzi wote, akakipitisha kifuani pa kile kiti kutoka bega hadi bega, kama mtu anayepaka siagi. Kitambaa hakikuchanika. Akainua mikono, na wale walinzi, Mungu awasamehe, wakapiga makofi. Mtu hawezi kuwa mpumbavu wa kiasi kile bila kusaidiwa.

Binti peke yake hakupiga makofi. Tangu siku ya damu usingizi ulikuwa umempaa, na sasa aliona wazi kwamba atapelekwa getini amevaa mapambo. Akasogea mbele.

"Afande, hapo umekwaruza. Mzee wa geti la nyuma hakukwaruzwa. Alidungwa."

"Ni kitu kilekile."

"Kama ni kilekile, ivae. Nikudunge mara moja tu, ubavuni, kama alivyodungwa yeye. Tukimaliza tunaagiza."

Akakichukua kile kisu cha mkate. Hakukiinua wala hakukielekeza kwa mtu. Alikishika tu, akangoja. Muuzaji akasema jamani, jamani, lakini hakuna aliyemsikiliza. Macho yote yalikuwa kwa Kamanda, na Kamanda, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa shujaa wa kiti, alirudi nyuma mpaka makalio yakagonga benchi na birika likayumba. Jasho lilimtoka chini ya bereti. Sauti ya gwaride nayo ikamkimbia, ikabaki ile ya ghala la magodoro.

"Una wazimu wewe? Weka kisu chini! Mimi nina watoto!"

Hata wale waliopiga makofi wakainamisha vichwa, maana kuna aibu nyingine hata mtazamaji inamchoma.

Binti bado alikuwa amekishika kisu.

"Wangapi, Baba?"

Kamanda akaiweka bereti yake sawa. Alimtazama binti yake kana kwamba ndiyo kwanza ameingia mlangoni, na kwa nukta moja ungedhani ana neno la kumwambia, neno la mzazi. Hakuwa nalo. Alichokifanya, na hapo ndipo ujue mtu yule ameumbwa kwa kitu gani, alimgeukia muuzaji akiwa amekunja uso.

"Na wewe kwa nini hukusema mapema kwamba zinatofautiana? Andika za kijivu. Za wote."

Muuzaji akaandika. Zingefika baada ya wiki mbili. Nje, wageni wa kuona wagonjwa walikuwa wameshaanza kujipanga, na binti akakirudisha kisu kando ya mkate, akafunga vifungo vya shati lake jembamba, akaenda getini.