Mbuzi Niliyemwita Mlevi

Nakumbuka asubuhi niliyomtukana jirani yangu mbele ya watu kwa sababu ya pumzi ya mbuzi. Usicheke kwanza, mwanangu, utacheka nikimaliza. Ilikuwa miaka ya sabini, hapa hapa Nchelenge, upande wa Kabuta, nami nilikuwa bibi harusi mpya kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Kibemba changu kilikuwa cha sokoni tu, na mdomo wangu, Mungu anisamehe, ulikuwa mkubwa kuliko akili.

Baba yangu alinivusha kwa mtumbwi pamoja na mbuzi jike mmoja mweusi. Alisema huyo ni wangu, si wa mume wala wa wakwe, nisije nikakaa ugenini mikono mitupu. Nilimwita Madame kwa jinsi alivyotembea kwa madaha. Mume wangu Mwansa alikuwa kisiwani Kilwa, kwenye kambi ya wavuvi, majuma yalikuwa yanapita, na Madame ndiye niliyekuwa nikiongea naye nikipika. Pale uani alikuwa kitu pekee kilichotoka kwetu. Nilimpenda kweli.

Basi Madame akashika mimba, na mwezi wa mwisho tumbo likatanda pande zote mbili. Hapo ndipo nilipojifanya mjuzi. Niliona ananenepa mno, nikajiambia atazaa kwa shida, nikampunguzia chakula. Maganda ya muhogo nikayaacha kabisa, majani nikampa konzi moja asubuhi. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuchaguachagua, kwa hiyo nikaona tumekubaliana.

Siku ya nne nikamkuta anayumba. Alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, macho wazi lakini haoni. Nikamshika taya, nikanusa kinywa: harufu tamu, ya kitu kinachoanza kuchacha. Sasa, jirani yangu wa karibu alikuwa Bana Chanda, mama mtu mzima aliyesifika ufukoni kote kwa katubi yake, ile pombe ya ulezi. Sikuhitaji shahidi. Nikamfunga Madame kamba fupi ili ulevi umtoke, nikamnyima hata yale majani kidogo, nikatoka nje kupaza sauti. Wanawake waliokuwa wakianika samaki wakaacha kazi wapate kusikia vizuri. Nikasema Bana Chanda ni mama asiye na haya, anamwaga machicha ya pombe ovyo hadi anamlewesha mbuzi mwenye mimba, mali ya mgeni.

Bana Chanda alitoka taratibu, akijikaza kitenge kiunoni. Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba yake, na wale wanawake wakatufuata wote. Mitungi ilikuwa imelala kifudifudi, mikavu. Mkekani kulikuwa na kimea cha ulezi, ndiyo kwanza kinachipua.

"Nabwinga," akasema, maana ndivyo Wabemba wanavyomwita bibi harusi, kisha kwa Kiswahili cha kwetu Kongo, "onyesha pombe yenye mbuzi yako alikunywa. Iko wapi?"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Ningecheka na mimi, kama aliyechekwa angekuwa mwingine.

Kisha Bana Chanda akaja kwa Madame, akapiga magoti, akanusa. Kicheko kikamwisha usoni.

"Siku ngapi haumupe chakula?"

"Siku ine, Mayo," nikasema, nikimwita mama kwa Kibemba. "Nilimupunguzia juu alikuwa munene."

"Awe, hapana, mwana wandi! Ile haiko unene. Njo batoto, na haiko moja. Bamejaza tumbo, majani itaingia wapi? Sasa anakula mafuta ya mwili yake mwenyewe, na njo ile inanuka mu kinywa. Ukimuacha vile mupaka kesho, utazika bote."

Nilianza kulia, na hakuninyamazisha. Alinituma asali kwa mama mmoja aliyekuwa nayo, akaichanganya na maji ya uvuguvugu, tukamnywesha Madame kwa chupa, funda moja moja, ili yasimpalie. Tukamkatia majani ya viazi vitamu, kidogo kidogo, kila mara. Jioni tulimtembeza polepole ufukoni, mimi mbele, Bana Chanda akimsukuma nyuma na kumtania kwa Kibemba. Siku ya pili yake, jua likiwa limepanda, Madame alizaa wawili, wote hai.

Mimi nilikimbilia watoto. Bana Chanda aliwapita, akaenda moja kwa moja kwa mama yao na uji mwepesi wa mahindi wenye chumvi kidogo. Akanigeukia.

"Maziba ya kunyonyesha batoto inatoka wapi, unazania? Inatoka mu mifupa yake. Anza na mama."

Miaka mingi baadaye bwana mifugo mmoja, kijana aliyesomea mbuzi wa nchi kame, alinieleza kwa lugha ya shule. Siku za mwisho homoni inayoshikilia mimba hushuka, ile ya kuleta maziwa hupanda, na sukari ya damu yote huitwa kwa watoto. Alisema hata mbuzi wa jangwani, anayeishi kwa miiba, hapo hushindwa asipoongezewa chakula. Nilimsikiliza kwa heshima, lakini moyoni nikasema, kumbe Bana Chanda alikuwa amekwisha kunifundisha bure.

Kuomba radhi nako? Niliomba pale pale nilipotukania, nimepiga magoti na kupiga makofi ya heshima, wanawake wale wale wakitazama. Bana Chanda alinitoza faini ya kumtekea maji ya kupikia pombe msimu mzima. Nilitimiza, na kabla msimu haujaisha nilikuwa najua Kibemba na umbea wote wa Kabuta.

Mwaka uliofuata nilijifungua mwanangu wa kwanza. Nyumba ilijaa watu, kila mtu anataka kumbeba. Bana Chanda aliingia, hakumtazama mtoto hata kidogo, akaja kuketi kitandani kwangu na bakuli la uji, akanilisha kwa mkono wake. Sijawahi kupendwa vile na mtu asiye ndugu yangu.

Mwanangu, mkeo anakaribia kujifungua, nami nimekuona unatafuta jina na nguo za mtoto. Vizuri. Lakini usimpimie mkeo chakula kwa ukubwa wa tumbo lake, maana hali peke yake tena. Akiwa mkali au mzito, usimtafutie kosa. Uliza kwanza amekula nini leo. Na siku mtoto akilia, waache wengine wambebe. Wewe nenda na bakuli.

Mungu akujalie watoto wengi wenye kelele, na mama yao asilale njaa nyumbani kwako hata siku moja.